Bei ya Burma Kwenye Mkebe Wetu

Mama yangu huuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, nje ya lango la kiwanda saa ya chakula cha mchana. Maharagwe hayana haraka, kwa hivyo biashara yake ni moto kwanza, chakula baadaye. Tangu serikali iache kupanga bei ya mafuta ya taa nayo ikapanda, stovu yetu imekuwa kiti cha redio. Tunapikia makaa.

Mwaka jana nikiwa kidato cha pili, makaa tulinunua kwa jirani tuliyemwita Mama Makaa. Alipima kwa mkebe wa rangi. Vipande virefu alivisimamisha ukingoni kama ua, katikati akarundika kilima, kisha akatupia kiganja kimoja cha nyongeza. Asiyepewa nyongeza alijua ameibiwa kwa adabu.

Kisha wachoma nyama wa soko la Burma wakamgundua. Walikuja asubuhi na mkokoteni, wakabeba magunia mazima bila kuomba chochote juu. Haikuchukua muda mkebe ukapoteza ua, halafu kilima, halafu bei yenyewe ikapanda.

"Mama Makaa," nikamwambia, "huu mkebe umenyolewa?"

"Kaulize Burma wananunua namna gani."

"Lakini magunia si unapata kwa bei ile ile? Lori ni lile, dereva ni yule, hata kikohozi chake ni kile."

"Wewe msichana unasomea wapi?" akauliza bila kuinua macho. "Burma ananipa bei nzuri. Nikikuuzia wewe ya zamani, hiyo tofauti nani ananirudishia? Ama ni mimi nitawalipia moto wa githeri yenu?"

Nilibeba makaa mpaka nyumbani nikihesabu vipande.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wa jiografia alikuwa akitusifia uuzaji wa mali nchi za nje: pesa za kigeni, barabara, heshima. Akataja nchi zinazochimba gesi asilia na kuipakia melini. Nikainua mkono.

"Mwalimu, gesi ikishaenda, waliobaki wanapikia upepo?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. "Wanapikia gesi yao wenyewe kwa bei ya mgeni," akasema. "Muuzaji akishaonja bei ya nje, ya nyumbani anaiona hasara. Labda serikali imlazimishe abakishe kiasi. Sasa simama pale nyuma."

Nilisimama pale nyuma nikiwaza mkebe.

Mtaani kwetu hapakuwa na wa kumlazimisha Mama Makaa abakishe. Mama naye aliogopa kupandisha bei ya sahani, maana vibarua wa kiwanda wangehamia kwa muuza chapati wa ng'ambo ya barabara, na karo yangu inatoka kwenye sufuria hiyo. Akajaribu kubana moto. Mchana kibarua mmoja akatoa haragwe mdomoni, akaliweka mezani taratibu.

"Mathe, hii ukiirudisha shamba itamea."

Wenzake walicheka sana. Kesho yake wawili wao walikula chapati.

Mama ndiye aliyekumbuka vumbi la makaa. Burma walitaka vipande tu. Chenga zote zilirundikana nyuma ya kibanda. Akanituma nikaombe, na Mama Makaa akanipa bure, akafurahi kufagiliwa. Tukachanganya vumbi na udongo na maji, tukafinyanga madonge, tukayaanika juu ya mabati.

"Usiyaguse mpaka yakauke ndani," mama akasema.

Kwa macho yangu yalikuwa yamekauka. Nikayawasha. Moshi ukajaa ploti nzima, chumba kwa chumba, na jirani aliyekuwa ametoka kuanika shuka nyeupe akajitokeza mlangoni.

"Mnachoma nini huko, gari?"

Mama alinitazama nikilia machozi ya moshi. "Endelea kupuliza, injinia."

Yalipokauka kweli, yaliwaka polepole na kwa muda mrefu, jinsi hasa maharagwe yanavyopenda. Githeri ikaiva mpaka ikapasuka. Wale wawili wa chapati wakarudi, tena mmoja akaomba sahani ya pili.

Lakini majirani wana macho. Kila ploti ikaanza kufinyanga. Asubuhi moja nilienda na ndoo yangu nikakuta Mama Makaa amechomeka mkebe kwenye rundo la vumbi.

"Hata vumbi?" nikauliza.

"Lina wateja."

Nilipompelekea mama habari hiyo alikuwa anaosha sahani. Alimaliza kuziosha, akazipanga, na mchana akatangaza bei mpya. Vibarua walinung'unika huku wakila. Mama Makaa mwenyewe, ambaye siku hizi hana nafasi ya kupika, alikuja na sahani yake.

"Jirani, hata mimi?"

"Makaa yamepanda," mama akasema.

Alilipa. Wale wawili walirudi kwa chapati na huko wamebaki, kwa hivyo sasa mama anapika sufuria ndogo. Jioni anakaanga mandazi ili karo itimie, na mimi nayauza kituoni. Mandazi hayahitaji moto mwingi.