Jalada Lililobaki Mezani kwa Daktari

Siku yangu ya kwanza masjala, mwaka sitini na nne, Mkuu wa Masjala hata kiti hakunipa. Alinipeleka moja kwa moja kabatini, akanionesha kadi iliyochomekwa baina ya majalada mawili. Jalada likitoka, kadi hukaa pahala pake, imeandikwa liko kwa nani. "Kabla hujafuta jalada rejistani, Bi Riziki, soma kadi," alinambia. Nikaitika naam, nikajiona nshaijua kazi yote.

Mwaka wa tatu ikaja amri. Kitengo kimoja cha afya kimevunjwa. Majalada yake yachomwe, na kabati litolewe. Kabati halitolewi mpaka liwe tupu, nami nilipewa siku mbili. Nikawa nakata mistari rejistani kwa rula na wino mwekundu, nikijaza magunia. Kadi nazo nikazitia humo humo bila ya kuzisoma. Mpaka leo nikikumbuka najichukia.

Ijumaa asubuhi, magunia yameshachomwa, akaja Bi Mwanajuma, mkunga wa Makunduchi. Kituo alichohamishiwa hakimpokei bila ya cheti, na cheti chake kimoja tu kilikuwa jaladani. Nikamwamkia, nikamwonesha ule mstari mwekundu. Alikaa chini sakafuni.

"Kwa hivyo, mwanangu, watoto wote wale nimewapokea na mimi si mkunga?"

Nikalitazama tena jina lake, na hapo nikashtuka: jalada lile lilikuwa nene, limefungwa utepe wa kijani, na mimi utepe wa kijani sikuushika siku zile mbili. Nililipeleka mwenyewe kwa daktari mkuu, alisome na kulitia saini, wiki iliyotangulia. Kumbe lipo! Lakini nilijua na la pili. Jalada ambalo mstari wake umekatwa rejistani likirudi, tarishi hulitupa kwenye gunia la kuchomwa, haulizi mtu. Na tarishi hupita kwa daktari kila Ijumaa, kabla ya sala.

Nilitoka mbio na buibui langu, vichochoro vyote vile, watu wananishangaa. Nilipofika, tarishi keshasimama mlangoni na mkoba wake, na daktari anatia saini ukurasa wa mwisho.

"Usilifunge, daktari," nilimwambia, nikaweka mkono juu ya karatasi.

"Nshamaliza nalo."

"Ukilifunga tu, linachomwa."

Alinitazama kama nimerukwa na akili. Kisha akanisukumia jalada.

Mkuu wa Masjala hakufurahi hata kidogo. "Rejista inasema jalada hili halipo," alisema.

"Rejista nimeiandika mimi, bwana, na nimekosea."

Aliniacha niandike mstari mpya. Bi Mwanajuma akaondoka na gari la mchana, cheti kifuani. Mimi nikaandikiwa barua ya onyo, nikahamishiwa ghala la Malindi, pale bandarini, miaka miwili ya vumbi la karafuu.

Nilipostaafu, karani kijana alinifungulia jalada langu, akaikuta ile barua: *alirudisha jalada la mkunga lililokwisha kufutwa.* Akanionea huruma. Akasema, Bibi, hii naitoa naichana, hakuna atakayejua.

Nikaweka mkono juu ya karatasi, kama siku ile.

"Iwache," nilimwambia. "Humo jaladani mote, hiyo peke yake ndiyo kazi yangu."