Amri ya Jana

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa vidole. Hata sasa nikikusimulia vinapoa.

Nilikuwa kijana, nikitunza kompyuta katika kituo kimoja cha utafiti wa korosho nje ya Mtwara mjini. Siku zile uliandika amri kwenye kioo cheusi, ukabonyeza Enta. Ukitaka kuirudia amri ya jana, hukuiandika upya: ulibonyeza mshale wa juu, ikaja kama ilivyokuwa, ukabadilisha neno, kazi ikaenda. Nami nilijisifia kasi, hata kuzisoma amri sikuzisoma. Haraka haraka haina baraka, lakini mimi nani angeniambia?

Jana yake nilikuwa nimefuta folda iitwayo Kitaya, ya vipimo vya kujaribia tu. Asubuhi ile, chini ya jina lilelile, nikahamishia vipimo vyenyewe: miaka mitatu ya mikorosho ya Bi Somoe, mkulima wa kijiji cha Kitaya, iliyoushinda ugonjwa wa ubwiri unga. Mama yule aliipima mwenyewe, mti kwa mti. Karatasi zake zilishaliwa na mchwa. Kilichobaki ndicho kile cha kwenye mashine.

Nilitaka kutazama tu yaliyomo. Nikabonyeza mshale mara mbili nikidhani nimeipata amri ya kutazama, nikabonyeza Enta bila kusoma. Mashine haikuuliza kitu. Nilipotazama, patupu.

Wallahi niliogopa. Nikafunga mlango, na hadi adhuhuri nilikuwa natunga uongo wa umeme kukatika. Mzee Chande, mkuu wangu, akaingia, akanitazama usoni. Akaniambia nibonyeze mshale nirudi nyuma, nisome amri moja moja kwa sauti. Nilipofika kwenye ile ya jana ya kufuta Kitaya, nikaiona nimeirudia asubuhi ile.

"Mashine haijakosea," akasema. "Imekutii."

Akanipeleka Kitaya nikaseme mwenyewe. Bi Somoe akanisikiliza, akachukua kamba yake ya kupimia, nikatamani anitukane.

"Mwaka juzi haupimiki tena, baba," akasema. "Haya, tuanze."

Alipima misimu miwili. Wa tatu haukumkuta. Tulitoka kumzika mikorosho yake imechanua, na kamba yake ya kupimia ingali imefungwa kwenye mti alioishia kupima.

Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Amri ya jana ilijua ya jana. Ukiirudisha, ondoa kidole kwenye Enta, uisome mwanzo hadi mwisho kana kwamba kaiandika mtu usiyemwamini. Na kazi ya mtu usiishike kabla hujaiwekea nakala kwingine. Hii hofu yangu, chukua nusu yake, itakutosha. Mungu akujalie jicho la kusoma na mkono wa kungoja, na asikuoneshe folda tupu ya jasho la mwenzio. Amina.