Kinyago cha Masasi kilichovalishwa blauzi ya mtumba

Wakuu, heshima kwenu. Haya niliyaona kwa macho yangu dukani kwangu, na nitayaeleza kama yalivyokuwa.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Masasi mjini, miaka ile ya ruksa ambapo kila mtu alifungua kibanda.

Mimi niliuza vipuri vya baiskeli. Pembeni niliweka vinyago vya shemeji yangu, Baba Anjela, kaka wa mke wangu, mchongaji wa Kitangari.

Kipya alichonishushia kilikuwa mwanamke wa mpingo, mtungi kichwani, hana nguo hata kidogo. Kazi safi, wakuu! Hadi leo nikiukumbuka ule mgongo nasisimka. Mnunuzi wa Dar alishakiona, akaahidi kukifuata Jumatatu.

Basi saa hiyo akaingia Mzee Alfayo, mzee wa kanisa na mteja wangu wa siku nyingi. Akasema watoto wa shule wanapita pale, na maziwa ya kinyago yako nje nje. Nikiondoe, la sivyo atawaambia waumini wakanunue spoku kwingine.

Baba Anjela alikuwepo. Akajibu taratibu kwamba kazi yake ikifichwa chini ya meza kama gongo, hataniletea nyingine.

Nikiwa katikati yao, mke wangu akanionyesha nje. Mama yake anashuka kwenye basi la Newala.

Mkwe wangu, wakuu! Kwa wasiojua, kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, sembuse kusimama pamoja mbele ya mwanamke aliye uchi. Nikachomoa blauzi ya mtoto kwenye robota la mitumba la jirani, nikakivalisha kinyago. Mzee Alfayo akaridhika.

Mama mkwe akaingia. Nikaangalia sakafu. Akakitazama kinyago, kisha akasema na mke wangu, maana mimi haniambii neno moja kwa moja.

"Mama Tumaini, mwambie mwenye duka amefunika jikoni, chumbani ameacha wazi."

Akaivua ile blauzi, akaonyesha kifua cha kinyago. "Hiki ni chakula. Alfayo, wewe ulilishwa nini?"

"Maziwa, mama."

Watu mlangoni wakacheka, na Mzee Alfayo naye akacheka.

Kisha akafungua leso yake kichwani, akaifunga kwenye kinyago chini ya kitovu. Hapo ndipo palipokuwa na chale. Mimi niliziona pambo tu. Kumbe chale za sehemu ile ni siri ya mwanamke, za kuonwa na mumewe na wanawake wenzake.

Baba Anjela akasema kwa sauti ndogo kwamba wanunuzi wa siku hizi wanazipenda.

"Basi wauzie za kwako," mama yake akamjibu.

Shemeji hakubishana. Alijua leso itafunguliwa hata kabla ya kufika Lindi. Akaniomba tupa ya chuma, akakaa kwenye kizingiti, akazisugua zile chale. Nilitamani kumshika mkono, maana zilikuwa chale nzuri mno, lakini mama yake alikuwa amesimama pale pale. Alipomaliza, tumbo lilikuwa laini kama la mtoto.

Kinyago kikarudi rafuni bila blauzi wala leso, na Mzee Alfayo akanunua spoku zake.

Mimi najisomea vitabu, na siku zote nilikuwa najiuliza kama sanaa ya uchi inafaa kwa kila mtazamaji. Sikuwahi kujiuliza uchi wenyewe unaanzia wapi. Mzee wa kanisa alikuwa na mpaka wake na mama mkwe alikuwa na wake, na wote wawili walikuwa wanalinda heshima.

Kwenu mpaka uko wapi, wakuu? Na wa Newala, kama nimekosea kuhusu chale, nisahihisheni hapa hapa.

Jumatatu mnunuzi alikuja, akapitisha kidole tumboni, akauliza zile chale ziko wapi. Kisha akakata bei. Tulipoteza shilingi elfu tano.