Siku Nti Ilipokatika

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kioo cha kukuzia, bodi mbovu na kiti kinachoyumba. Mhandisi Mkuu, bwana mpole kutoka bara, akaniambia, "Bi Rukia, hapa hatuchori mistari. Tunachora njia."

"Ewaa, ndia," nikamwitikia. Akatabasamu akidhani nimekosea, kumbe ndivyo tusemavyo watu wa Lamu.

Karakana yetu ya Langoni ilibuni bodi za saketi za kuunganisha visiwa. Chipu zetu zilituma data mfululizo, biti moja nyuma ya nyingine, kwa kasi isiyosamehe uzembe. Data ilipita kwenye njia mbili pacha, na lazima zilingane urefu, la sivyo ujumbe huvurugika. Chini yake lilikuwapo tabaka la shaba, ambamo umeme hupita ukirudi ulikotoka. Wao waliliita ardhi, mimi nikiliita nti.

Kisha ikaja bodi ya zahanati ya Ndau, ya kumpelekea daktari wa Lamu picha za vipimo vya wajawazito. Picha zilifika zimechanikachanika. Makao makuu yakasema bodi ya pili ikishindwa, mradi unafutwa na akina mama waendelee kuvuka maji kutafuta kipimo. Nilikasirika hadi chakula kikanishinda.

Asubuhi ya kupeleka mchoro mpya kiwandani, ndipo nikaona kosa: tabaka la shaba lilikuwa na mkato, chini ya zile njia pacha zenyewe! Umeme ulirudi kwa kuzunguka, ukivuruga picha. Nikampigia Mhandisi Mkuu, aliyekuwa Ras Kitau akikagua mnara. "Bwana, nti imekatika! Simamisha kila kitu!"

Yeye akasikia nchi. Akawaarifu makao makuu kwamba nchi nzima imekatikiwa na mtandao. Huko kila mtu akaacha alichoshika, hata yule aliyekuwa akituma mchoro wetu.

Mkurugenzi wa makao makuu akanipigia. "Bi, ni nchi gani hiyo?"

"Ya shaba, Bwana. Upana wake kama ukucha."

Alicheka mpaka akakohoa, akaturuhusu kurekebisha.

Bodi ilipofungwa Ndau, muuguzi alinipigia simu: "Bi Rukia, daktari anauona moyo wa mtoto ukipiga, na mamake yuko papa hapa!" Nyuma yake nikasikia vigelegele, nami nikapiga changu ofisini bila haya.

Sasa nimestaafu, macho yamechoka. Bodi zetu zimefungiwa ndani ya masanduku, wala hazina jina la mtu. Vijana huniuliza nina nini cha kuonyesha. Huwajibu kwamba siku ile kuna mama wa Ndau hakupanda mashua.