Jiwe la Moto juu ya Mtoki

Nilimpiga shemeji yangu kwa kafi. Sitalipamba tendo hilo, kwa maana nimesoma maungamo mengi ya watu wenye hatia na nimechoka na wale wanaoanza kwa kueleza hali ya hewa. Ilikuwa Gisenyi, kando ya ziwa, katika miaka ya hamsini. Tulikuwa tukiuvuta wavu wetu ufukweni, ukakwama kwenye mwamba, naye, kaka wa mke wangu, akaukata ili kuokoa sehemu iliyobaki. Mimi niliona kisu, mwamba sikuuona. Kafi lilimpata kwenye muundi. Ngozi ilipasuka, mfupa ukachungulia, mweupe.

"Muguu yangu! We mutu gani?"

Nikampiga tena, begani. Pigo la kwanza lilitoka kwa hasira. La pili nililichagua.

Siku ya tatu muundi ulikuwa mwekundu, umevimba, na moto wake uliusikia kabla hujaugusa. Kisha mtoki ukaota kinenani, tezi ngumu yenye ukubwa wa yai la kuku. Nyumbani kwetu hakuna aliyetilia shaka maana yake: mtoki ni sumu ya jeraha inayopanda, na ikivuka kinena huingia tumboni na kuua. Kwa hiyo husagwa ungali chini. Shangazi wa mke wangu alipasha moto jiwe la kusagia mtama, akalifunga kwa jani la mgomba. Mimi nilimkalia mgonjwa kifuani, kwa kuwa desturi ya ukoo wao ilitaka aliyemwaga damu ndiye ashike, ili apate fungu lake la kilio.

"Mushike muzuri," shangazi alisema. "Akiruka, jiwe itaangukia pale pengine, na bibi yake atanilaani."

Wanawake walicheka. Kisha alilikandamiza jiwe kwa uzito wake wote, na kicheko kikakoma, kwa sababu sauti iliyotoka chini yangu haikuwa ya mtu mzima wala ya mtoto.

Kufikia adhuhuri mgonjwa alikuwa akitetemeka hata meno yakigongana, na mstari mwekundu ulikuwa umepanda pajani. Mke wangu alinitazama. Kama kaka yake angekufa, yeye angekuwa mke wa muuaji wake.

Tulimbeba kwa machela hadi zahanati. Muuguzi, mtu wa makamo aliyesomea kwa wamisionari, alifunua nguo, akaona ngozi iliyoungua juu ya mtoki uliopondeka.

"Nani alifanya hii?"

"Shangazi. Na mimi nilimushika."

Alinizaba kofi mbele ya wagonjwa wote.

"Bon. Sikiliza, we mujinga. Ulipomupiga, uliua nyama ya muguu, chembe kwa chembe. Zile zilizokufa zinaita. Damu inakimbia pale, ndiyo ule wekundu na ule moto. Maji inatoka kwenye mishipa, ndiyo kuvimba. Ndani ya damu iko chembe nyeupe; zinakula wadudu wa uchafu na zinakufa nazo, na maiti yao ndiyo usaha. Na mtoki? Mtoki ni boma. Wadudu waliotoroka wanakamatwa pale. Nyinyi mulichukua jiwe, mukabomoa boma, mukafungulia adui njia."

Alimdunga sindano ya penisilini, kisha akachukua kisu kidogo. Usaha wa muundini ulipaswa kutoka, na dawa ya ganzi hakuwa nayo. Alitaka mtu mwenye nguvu wa kumshika.

"Si huyu," shemeji alisema, macho yakiwa yamezama. "Huyu hapana."

"Wengine ni wanawake na wazee," muuguzi alimjibu. "Chagua: huyu, ao kaburi."

Shemeji alinigeuzia macho. "Basi anishike. Lakini nitamuuma."

Alitimiza ahadi. Kisu kilipoingia, meno yake yaliingia mkononi mwangu, chini ya kiwiko, na hayakutoka hadi usaha ulipojaa bakuli. Sikuuvuta mkono. Sioni ushujaa hapo. Ulikuwa mkono uleule ulioshika kafi.

Homa yake ilishuka siku ya tano baada ya kisu, tukamrudisha nyumbani. Wakati huo mkono wangu ulikuwa mwekundu, wa moto, mzito, na kwapani paliota tezi. Shangazi aliiona nilipokuwa nikifua bandeji za mgonjwa, akaanza kuchochea moto mara moja. Nilimwomba aache. Nilikuwa nimeelewa kwa akili. Lakini nakiri kwamba mwili wangu wote uliogopa, na kila nilipopapasa lile yai kwapani nilitamani mtu alivunje.

Shemeji alikuwa akitutazama kutoka mkekani, mguu wake, ambao ulibaki mgumu kukunjika maisha yake yote, ukiwa juu ya gogo.

"Shemeji," aliniita, kwa mara ya kwanza tangu ufukweni. "Nikuletee jiwe?"

"Hapana."

"Inauma?"

"Inauma."

"Muzuri," alisema, akageukia ukuta, akalala.