Maganda Ambayo Sikuyafagia

Harufu ya ndizi mbivu zikichemshwa kwa ajili ya mbege hunifanya niinamishe kichwa mpaka leo. Bibi yangu, mama yake mama, alipika pombe hiyo kule Uru miaka ile watu walipoanza kung'oa kahawa, ila mwenyewe hakuinywa. Alionja kwa ncha ya ulimi, akatema. Mimi, binti wa miaka kumi, kazi yangu ilikuwa kufagia maganda. Siku moja sikufagia, nilikuwa nacheza rede. Bibi akateleza mlangoni, kichwa kikagonga ukingo wa pipa. Akajifunga kitambaa, akaniambia, "Usimwambie mama yako, mjukuu wangu. Atakuchapa bure." Nikashukuru, nikarudi kwenye rede.

Wiki chache baadaye akaanza kuyumba, na maneno yakawa yanamkwama mdomoni. Wateja wakasema mpishi kanogewa na pombe yake. Nami nikacheka. Nilifanya baya zaidi: nilimwigiza mbele ya wenzangu, nikipepesuka kati ya migomba, na nilipogeuka nikamkuta amesimama ananitazama.

Mkono wake wa kushoto uliposhindwa kushika kata ya kuchotea pombe, mama alimpeleka hospitali mjini, nami nikabeba kikapu. Daktari akauliza kama aliwahi kuanguka. "Hapana, daktari," mama akajibu kwa sauti ndogo. "Ni pombe, ameianza uzeeni." Nilitazama viatu vyangu. Daktari hakuridhika, akaagiza apigwe picha za ndani ya kichwa kwa mashine. Baadaye alitubandikia picha hizo kwenye taa: kando ya ubongo kulikuwa na kitu kilichopinda kama ndizi, kimeusukuma ubongo upande. "Hii si pombe, mama. Ni damu, na ni ya wiki kadhaa. Aligonga kichwa." Mama akalia kwa kumsingizia mama yake. Mimi nikainama kupanga vitu kikapuni.

Walimtoboa fuvu, wakaitoa damu, akapona, ila mkono ule haukurudi sawasawa. Alipoulizwa, alisema alijikwaa shambani akiwa peke yake.

Mwezi uliopita mwanangu alianguka kwenye ngazi za shule. Alimweleza mwalimu kila kitu, hata kwamba alikuwa akikimbia pasiporuhusiwa, na mchana uleule akapimwa, akakutwa salama. Mama yangu alimsifu, kisha akamsimulia habari za marehemu bibi yangu, na siri iliyofichuliwa na mashine. "Hakuna aliyemwona akianguka," alisema, akanigeukia. "Si ndiyo?"

Nina mvi zangu za kwanza. Nikaitikia, "Ndiyo, mama."