Mayai ya Siku ya Tano

Mwaka ule nilihitaji kitu kimoja tu kutoka Ziwa Tanganyika: viinitete vya samaki, yaani mayai yaliyokwisha kuanza kuumbika, vyenye umri wa siku tano. Samaki niliyemchunguza ni yule mdogo wa kwenye miamba, ambaye jike wake huatamia mayai mdomoni na kukaa bila kula hadi watoto waweze kuogelea. Chupa yangu ya mwisho ya dawa ya kutia rangi ilibakiza wiki tatu kabla ya kuharibika. Nikivikosa viinitete hivyo, kazi ya miaka minne ingeishia kwenye droo.

Kazi yenyewe ilihusu jeni za Hox. Protini zinazotokana na jeni hizi hazijengi mfupa wala msuli. Hushika DNA mahali maalumu na kuamuru jeni nyingine ziwake au zizime, na kwa amri hizo sehemu ya mwili hujua kama itakuwa shingo, mgongo au mkia. Samaki wangu ana taya za mdomoni na taya nyingine kooni. Za kooni huumbika mahali ambapo Hox zinafanya kazi. Za mdomoni huumbika mahali ambapo zimenyamaza. Nilitaka kuuona mpaka huo, kwa dawa inayotia rangi pale tu Hox zinapofanya kazi.

Katika mwalo wa Ujiji alikuwapo mama mchuuzi wa samaki, ambaye mdogo wake alitega nyavu kwenye miamba. Ningeweza kumwambia kwa mdomo. Badala yake nilimwandikia barua yenye kumbukumbu namba, aya tatu na nakala kwa ofisi ya kata, nikiomba "kwa heshima na taadhima majike wenye mayai mdomoni". Aliipokea kwa mikono miwili.

Siku ya tatu alileta beseni lililofunikwa kitambaa cheupe. Ndani mlikuwa na majike kumi na wawili, wamepasuliwa, wametolewa matumbo, na midomo yao imesuguliwa kwa ndimu na chumvi.

"Mama, mayai yako wapi?"

"Nimeyatoa yote, mwalimu. Nikuletee wewe samaki mwenye vitu mdomoni? Watu wa Ujiji wangenionaje?"

Kwao, samaki anayepelekwa kwa mtu wa heshima hupelekwa akiwa safi. Mwenye matumbo yake ni wa kumpa mtu usiyemjali. Kwa hiyo kila neno la taadhima nililoliandika lilikuwa limemhimiza asugue zaidi.

Kesho yake nilikwenda mwaloni, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaeleza upya kazi yangu ya miaka minne huku wachuuzi wenzake wakisikiliza.

"Hiyo protini," aliuliza, "yenyewe haishiki nyundo?"

"Haishiki. Inaamuru tu."

"Inakaa pale, inasema wewe washa, wewe zima?"

"Hasa."

"Basi hiyo ni ya ofisini." Wenzake wakacheka. "Na mahali isipokuwapo?"

"Hapo ndipo mdomo unapoumbika."

"Si ndiyo maana! Bosi akitoka, watu wanapata mdomo."

Nilisubiri kicheko kiishe, nikatamka kwamba nahitaji hatua ya siku ya tano, na kwamba kuitambua kunataka utaalamu.

"Ya manjano tupu, yenye mkia, yenye macho, au yanayotaka kuogelea?" aliuliza bila kuacha kuparua magamba. "Nimeyasuuza miaka thelathini, mwalimu."

Nikakiri kwamba nataka yenye mkia, ambayo macho hayajakolea. Hatua hizo mimi nilikuwa nimezibandika ukutani, katika jedwali la rangi.

Zilipobaki siku sita dawa iharibike, alikuja maabarani kwangu na ndoo ya maji ya ziwa. Alimshika jike mmoja, akambonyeza mashavu kidogo juu ya sahani ya bati, na viinitete kumi na vinne vikateremka vikiwa hai. Vyote vilikuwa vya siku ya tano. Jedwali langu halikuwa na la kuongeza.

Dawa ilichukua siku mbili. Alasiri ya siku ya pili kooni pakawa na rangi ya zambarau, na mdomoni pakabaki peupe, mpaka ukionekana kama umechorwa kwa rula. Nilimwita, nikamsogezea hadubini. Alichungulia.

"Ni hicho tu, mwalimu?"

"Ni hicho tu, mama."

"Miaka minne?"

"Minne."

Alirudisha jicho kwenye hadubini, akatazama tena kwa muda mrefu, kama mtu anayemalizia chakula asichokipenda nyumbani kwa watu.